Jaruba la Mama

Ziwa la Katwe halina samaki.
Lina chumvi, lina inzi, lina harufu ya yai viza,
na asubuhi zile chache zisizo na ukungu
unaiona theluji ya Rwenzori juu kule,
nyeupe kama kitu ambacho hakijawahi kuumia.

Mama alikuwa na majaruba matatu,
urithi wa nyanya, kuta za tope na nyasi.
Alfajiri alisimama ukingoni, kitenge kiunoni,
akasema neno moja: "Baba,"
kisha akanyamaza,
kama aliyebisha hodi na sasa anasikiliza nyayo.
Mimi nilidhani amesahau sala iliyobaki.

Halafu anaingia. Maji yale yanang'ata,
kila mchubuko mwilini unajitaja jina.
Anazoa tope, anaupapasa ukuta kwa kiganja,
pale palipolegea anaziba leo, si kesho.
"Chumvi haiharakishwi," alisema.
"Ukiikoroga kila saa uone imefika wapi,
haigandi."

Jumapili, benchi la tatu, chini ya dirisha lisilo na kioo,
mama yangu Kabugho na rafiki yake Ithungu.
Ithungu alilima mlimani. Aliomba mvua:
mahindi yamejikunja kama mikeka, Bwana, yatazame.
Mama aliomba jua:
wiki tatu tu, Baba, chumvi ikomae,
Mbusa arudi shule.
Na kila mmoja aliitikia Amina ya mwenzake
kwa sauti, macho yamefumbwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua hesabu.
Mmoja lazima akose.

Jumanne usiku ikanyesha.
Ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono.
Kulipokucha, majaruba yalikuwa yamefurika;
ule utando mweupe tuliouchunga siku kumi na saba
haukuwepo. Ukuta mmoja umelala.
Mnunuzi kutoka Bwera alitazama tu,
akageuza baiskeli yake.

Nikauliza, "Kwa hiyo Mungu amemsikia mama Ithungu?"
Nilitaka akasirike. Nilitaka alie, nimshike mkono.
Alitazama mbingu kitambo
jinsi unavyomtazama mtu wa nyumbani
aliyefanya jambo usilolielewa.
"Muhindo," akasema, "leta beseni."

Maji ya mvua ni mepesi,
hukaa juu ya yale ya chumvi.
Ukichota polepole, bila kutibua,
ya chini yanabaki yalivyokuwa.
Hakunieleza. Alinionyesha mkono wake
ukiteleza juu juu, beseni limeinama kidogo,
naye akinong'ona, sikujua kama ni na mimi:

*Usiku ulinyeshea,
nami sikukuuliza;
palipobomoka pia
nipe tope la kuziba.*

Ithungu alishuka miezi miwili baadaye,
kikapu kichwani, mahindi mabichi, ndevu bado mbichi.
Mama akafungua gunia la mwisho la chumvi ya zamani.
Walikula wakicheka, magunzi yakarundikana,
na mvuke wa sufuria ukapanda kwenye nyuso zao.

Lakini Mbusa alikaa nyumbani muhula mzima.
Alibeba chumvi ya watu wengine kwa malipo ya siku
na jioni hakusali nasi.
Hilo halikurekebishwa na mahindi.
Mama hakumlazimisha. Aliacha tu nafasi yake mkekani,
kila usiku, upana wa mtu mmoja,
wala hakuruhusu nijinyooshe pale.

Sasa ninaishi Kasese, nyumba ya mfereji na taa.
Nina watoto, nina deni la kikundi cha akiba,
nina kipimo cha hospitali ambacho jibu lake ni Alhamisi.
Asubuhi nasimama mbele ya karai la vyombo,
mikono imezama hadi viwiko,
nasema, "Baba."

Halafu nanyamaza.
Sijasahau yaliyobaki.